Kilo Tano za Siku Nne

Jua la saa saba mchana lilikuwa limekaa juu ya mabati ya jimu moja ya Manzese, na ndani kijana alikuwa akiruka kamba amevaa koti la mvua. Chini ya koti kulikuwa na fulana mbili za mikono mirefu, na chini ya fulana mfuko mkubwa wa nailoni aliotoboa matundu matatu, la kichwa na ya mikono. Kila baada ya dakika chache alisimama akashusha mkono, na jasho likachuruzika toka kwenye koti kama chai inavyotoka mdomoni mwa birika. Ilikuwa Jumatatu. Kupima uzito ni Ijumaa, pambano Jumamosi. Mizani ilisema kilo 66. Mkataba ulisema 61.

"Kaka, tangu jana usiku nimekula tende mbili tu," aliniambia, kama mtu anayejisifu.

Mabondia wenyewe wanaita kazi hii kukata uzito. Wengine hutafuna ubani huku wakitema mate kwenye chupa siku nzima. Wapo wanaomeza vidonge vya kukojoza, ambavyo vimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa haramu michezoni, kwa hiyo bondia anaweza kushinda mizani akafungiwa kwa mkojo wake mwenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Mtu wa kilo 66 akikimbia kutoka Manzese hadi Bagamoyo, kilomita sitini na ushee, ataunguza kalori kama 4,000. Yaani safari yote hiyo ni nusu kilo ya mafuta, basi. Sasa kilo tano zitatoka wapi kwa siku nne? Zinatoka kwenye maji, na kwenye wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, ule ule ambao Jumamosi usiku utatakiwa uzungushe ngumi. Mafuta yaliyomfanya awe mzito yamebaki pale pale kiunoni, yanamcheka.

Maji yakipungua, damu nayo hupungua. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kusukuma kiasi kile kile, na jasho ambalo kazi yake ni kuupoza mwili hukauka wakati joto ndiyo kwanza linapanda. Marekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1997, vijana watatu wa mieleka wa vyuo vikuu walikufa ndani ya kipindi cha wiki chache, wote wakiwa katika kukata uzito, mazoezi mazito ndani ya nguo za mpira na vyumba vya joto. Baada ya hapo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilipiga marufuku nguo hizo na sauna, kikasogeza upimaji karibu na pambano, na kikataka kila mwanamieleka awekewe mapema uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Hapa kwetu nguo za mpira bado zinaning'inia madukani pamoja na glovu.

Hata wanaoponea hawapati walichokifuata. Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya mieleka ya kilo 50 kwenye Olimpiki ya Paris 2024 baada ya kumwangusha Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Tokyo. Kanuni zinataka upimwe asubuhi ya siku zote mbili. Alikesha akifanya mazoezi, na daktari wa timu alisema walifika hadi kumkata nywele. Mizani ikamkuta amezidi gramu 100. Jaza maji nusu glasi uishike mkononi: ndicho kiasi kilichomnyima fainali.

Njia nyingine ipo, na haina maajabu. Mwaka 2011 watafiti wa Norway walichapisha utafiti wa wanamichezo 24 wa kiwango cha juu. Waliopunguza asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki, huku wakinyanyua vyuma, walipungua na bado wakaongeza misuli. Waliokwenda kwa kasi mara mbili hawakuongeza. Kwa kijana wetu wa Manzese asilimia hiyo ni kama nusu kilo kwa wiki. Kilo zake tano zilihitaji wiki kumi na moja.

Na chakula chake kiko sokoni Mabibo. Mayai mawili asubuhi, maharage mchana, dagaa jioni. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini zaidi ya gramu 50, nazo ndizo zinazolinda misuli mwili unapopungua. Kinachopunguzwa ni soda, chapati na yale mafuta ya chipsi mayai. Ugali hauna kosa. Wanariadha wa Kenya waliochunguzwa katika utafiti uliotoka 2004 walipata zaidi ya robo tatu ya nishati yao kwenye wanga, na ugali peke yake ulitoa karibu robo ya yote. Kwa wasichana kuna dalili ya kuangaliwa zaidi: hedhi ikikata, mwili unapiga kelele kwamba chakula hakitoshi, na mifupa inafuatia. Kocha anayesema hiyo ni ishara ya kuiva kimazoezi hajui anachokisema.

Ila sitawalaumu mabondia peke yao. Wiki kumi na moja anazo nani, wakati promota anapiga simu siku kumi kabla, na kukataa maana yake ni kodi ya chumba kukosekana?

Ijumaa kijana alipanda mizani nyuma ya taulo lililoshikwa na watu wawili. Kilo 61 kamili. Watu wakapiga makofi. Alipopewa maji, mkono ulimtetemeka hadi nusu ya chupa ikamwagikia kifuani. Jumamosi alimaliza raundi zote, akapoteza kwa pointi, na kuanzia ya tano alikuwa akimtazama zaidi kocha wake kuliko mpinzani. Nilipokwenda kumpa pole, kocha alikuwa pembeni na simu sikioni. Kuna pambano wiki tatu zijazo, alituambia alipokata. Kilo 59.