Matunda ya Kuoka Bila Ngano: Kitamutamu cha Msimu wa Vuli

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tunaingia jikoni. Tutaoka maembe na ndizi kwa unga wa mtama, bila chembe ya ngano na bila jiko la umeme. Tafuta kalamu na karatasi uweke karibu. Lakini kabla hatujawasha makaa, tujue kwanza tunampikia nani na kwa nini. Kwa watoto fulani chakula hiki si anasa. Ni njia ya kula pamoja na wenzao bila kuugua.

Ngano humdhuru nani?

Wengi wetu hula ngano kila siku: chapati, mandazi, mkate, biskuti, tambi. Ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni. Ukitaka kuijua, kumbuka unavyokanda unga wa chapati. Donge linashikana na kuvutika kama mpira bila kukatika. Kuvutika huko ni kazi ya gluteni. Gluteni iko pia katika shayiri, na katika nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai.

Kwa watu wengi gluteni haina neno. Lakini wako wenye ugonjwa uitwao siliaki. Mtu mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, vinavyonyonya chakula. Vikishambuliwa, hulika vikawa bapa. Basi mtoto anakula na kushiba, lakini mwili haupati kitu.

Mara nyingi dalili huanza miezi kadhaa baada ya mtoto kuanza kula vyakula vya ngano. Anaharisha kwa majuma mengi, kinyesi ni kingi na chenye harufu kali. Tumbo linavimba huku mikono na makalio yakikonda. Uzito haupandi, damu inapungua, na mtoto ni wa kulialia tu. Kwa mtoto mkubwa huenda usione kuhara kabisa. Utaona amedumaa, au damu haipandi hata akinywa dawa ya kuongeza damu.

Mama, ugonjwa huu hauambukizwi, wala si jicho la mtu. Hufuata damu ya ukoo. Mtoto mmoja akipatikana nao, ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake nao huelekezwa kupimwa.

Usimkataze ngano kabla ya kupimwa

Hapa nataka unisikilize vizuri. Kuhara kuna sababu nyingi: maji machafu, minyoo, amiba, hata kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Mtoto anayeharisha kwa siku 14 au zaidi apelekwe kituo cha afya. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto ili mstari wa uzito uonekane. Akiwa na damu kwenye kinyesi, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mkimbize siku hiyo hiyo, na njiani mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ukiwa nayo. Kama bado ananyonya, endelea kumnyonyesha.

Siliaki hupimwa kwa damu. Daktari akiona haja, mtoto hutumwa hospitali kubwa ambako kipande kidogo cha utumbo huchukuliwa na kuangaliwa. Vipimo hivi hutafuta madhara ya gluteni. Ukimwachisha ngano majuma kadhaa kabla ya kumpeleka, utumbo utaanza kupona na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao. Kwa hivyo pima kwanza, kisha uachishe.

Akithibitishwa, hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa ni chakula: aache gluteni maisha yake yote. Habari njema ni kwamba utumbo wa mtoto hupona, naye huanza kunawiri.

Ndizi na mkate: jinsi siri ilivyojulikana

Wazungu walihangaika na ugonjwa huu miaka mingi. Mwaka 1924 daktari wa watoto huko New York, Sidney Haas, aliandika kwamba watoto wake wagonjwa walipata nafuu kwa kula ndizi nyingi na kuachishwa mkate na vyakula vingi vya unga. Watu wakadhani ndizi ndiyo dawa. Mtoto akipata nafuu alirudishiwa mkate, na wengine wakaugua upya.

Aliyefumbua fumbo ni daktari Mholanzi, Willem Dicke. Tayari katika miaka ya 1930 alikuwa akiushuku mkate. Katika kipupwe cha mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uholanzi ilipatwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wengine walidhoofu, lakini wale wenye siliaki hali zao hazikuzidi kuharibika, bali waliendelea vyema. Mkate uliporudi, nao wakarudi kitandani. Baada ya vita alithibitisha kwa majaribio ya chakula kwamba mdhuru ni ngano.

Kwa hivyo ndizi haikuwa dawa. Ilikuwa chakula salama kilichokaa mahali pa kile kilichodhuru. Nasi leo tutaitumia hivyo hivyo.

Kwa nini tunda la kuoka?

Huko Ulaya na Marekani, kati ya Septemba na Novemba ni majira ambayo miti hupukutisha majani. Ndipo matufaha huvunwa, na akina mama huyaoka na kuyafunika kwa chenga za unga, siagi na sukari. Sisi miezi hiyo tunaingia mvua za vuli. Matufaha si lazima. Kuanzia Novemba hadi Machi maembe humiminika sokoni, hata mengine huoza chini ya mwembe. Ndizi ziko mwaka mzima.

Mapishi haya ni rahisi kwa sababu moja. Keki na mkate huhitaji unga unaovutika ili upande na kushikana, ndiyo maana ukitumia unga mwingine peke yake huvunjika vunjika. Lakini hapa tunataka unga uvunjike! Chenga zinakaa juu ya tunda, hakuna cha kupanda. Basi gluteni ikikosekana hakuna atakayejua.

Na kuoka bila ngano si jambo geni kwetu. Kina nyanya wa Pwani wamekuwa wakioka mkate wa kumimina kwa mchele na tui la nazi, wakipalia makaa juu na chini. Sisi tunaazima ujuzi wao.

Mahitaji, ya kutosha watu sita

Maembe makubwa 2 yaliyoiva lakini hayajalainika sana
Ndizi mbivu 3
Maji ya nusu ya limau au ndimu
Kikombe 1 cha chai cha unga wa mtama, na kijiko kikubwa 1 zaidi cha kuchanganya na matunda
Nusu kikombe cha njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa
Vijiko vikubwa 4 vya majarini au siagi
Vijiko vikubwa 3 vya sukari
Nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa, au mdalasini
Chumvi ya kubana kwa vidole viwili

Huna mtama? Tumia unga wa wimbi, wa mchele au wa mahindi. Kama kuna mtu nyumbani anayedhurika na njugu, weka nazi iliyokunwa. Njugu zenye ukungu, zilizokunjamana au chungu zitupe, zina sumu. Na zipondwe barabara, kwa maana njugu nzima humkaba mtoto mdogo.

Namna ya kutayarisha

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha maembe, yamenye, uyakate vipande vya ukubwa wa kiberiti. Kata ndizi. Changanya na maji ya limau na kile kijiko kimoja cha unga, ili maji ya matunda yawe mazito.

2. Paka sufuria ndogo majarini, kisha tandaza matunda.

3. Katika bakuli changanya unga, njugu, sukari, iliki na chumvi. Tia majarini na usugue kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chenga chenga. Usiukande wala usitie maji.

4. Nyunyiza chenga juu ya matunda bila kushindilia.

5. Chukua sufuria kubwa, utie mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, uiweke jikoni ipate moto kwa dakika 15. Weka ile sufuria ndogo juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa sinia au kifuniko cha bati, halafu palia makaa juu yake. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi. Chenga zinataka kukauka na kuwa za kahawia, na matunda yasiungue.

6. Baada ya dakika 30 funua kwa uangalifu, majivu yasiangukie chakula. Ukiona matunda yanatokota pembeni na juu pamekauka, epua. Kama bado, ongeza dakika 10. Kiache kipoe kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu tunda la kuoka hushika moto muda mrefu.

Okea nje au penye hewa, milango na madirisha wazi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua. Na mtoto asikaribie sufuria yenye makaa juu.

Unga safi ni ule uliosagwa pasafi

Mama anaweza kufuata yote haya na mtoto bado akaugua. Kisa? Mashine ya kusaga. Mtama wenyewe hauna gluteni, lakini ukisagwa mahali palipotoka kusagwa ngano, unga wako unabeba ngano bila wewe kuiona. Kwa mgonjwa wa siliaki, makombo tu yanatosha kudhuru.

Nunua nafaka nzima, uichague na kuiosha, uianike. Tafuta mashine isiyosaga ngano. Ukikosa, twanga kwa kinu na mchi wako nyumbani. Jihadhari na unga wa uji wa mchanganyiko, maana baadhi huongezwa ngano. Uliza kilichomo, na kama muuzaji hajui, usinunue. Vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri navyo si vyake.

Nyumbani, mtengee mtoto chekecheke yake na mwiko wake. Ngano hujificha kwenye matundu na nyufa za mbao. Kama siku hiyo unapika chapati pia, oka chakula cha mtoto kwanza, ukifunike, ndipo ufungue pakiti ya ngano.

Nani ale, na kiasi gani?

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Wa miezi sita hadi mwaka, mpondee embe au ndizi bila sukari. Kwa mtoto chini ya miaka miwili, mwokee kibakuli chake bila sukari wala chumvi. Ndizi mbivu ina utamu wa kutosha. Wakubwa wapate kikombe kidogo baada ya chakula, si mahali pa chakula. Hiki ni kitamutamu, hakichukui nafasi ya ugali, maharagwe, mayai na mboga.

Hata hivyo kina faida. Embe la manjano lina vitamini A ya macho na kinga, pia vitamini C inayousaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo katika mtama. Kwa mtoto aliyepungukiwa damu, hilo si jambo dogo. Usimpe chai pamoja nacho, kwani chai huzuia chuma hicho.

Kidogo tu haitadhuru?

Krismasi iko katika msimu huu wa maembe, na sote twajua Krismasi kwetu ni chapati. Hapo ndipo mtoto huponzwa na wanaompenda. Nyanya anamwonea huruma: "Mpe kidogo tu, mjukuu wangu asitamani." Mama, zungumza na nyanya kabla ya sikukuu. Usimgombeze. Mweleze kwamba kile kipande kidogo kinaurudisha ugonjwa kwenye utumbo uliokuwa ukipona. Kisha umpe kazi ya kuoka sufuria hii. Akimwandalia mjukuu mwenyewe, hatakuwa na haja ya kumpa chapati kwa siri.

Na usimpikie mtoto huyo peke yake akala kando kama mgeni. Oka ya kutosha nyumba nzima. Wote wakila sufuria moja, hakuna mgonjwa mezani, kuna watoto tu wanaogombania ukoko.

Kama una mtoto ambaye uzito haupandi na kuhara hakuishi, usikae nyumbani ukikisia. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au uje kliniki. Nakutakieni mapishi mema. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.