Kifaa cha gramu chache, ada ya kilo mbili

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, katika shule moja ya Pwani, alikaa karibu muhula mzima bila kusikia vyema sauti ya mwalimu. Kifaa cha kumsaidia kusikia alikuwa nacho, ila kilikuwa kimeharibika, na fundi aliyekikagua mjini akasema sharti kirudishwe kwa waliokitengeneza huko Denmark. Mwalimu wake wa darasa, rafiki yangu wa siku nyingi, alikitia ndani ya katoni ya viatu na kukipeleka kwa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi kwa ndege. Ada aliyotajiwa ilimfanya arudi nacho shuleni.

Aliponisimulia kisa hicho, nilimwuliza kama alipima katoni ile. Akacheka. Hakujua kwamba kampuni nyingi za aina hiyo hazitozi uzito wa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha kifurushi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000, na jawabu huwa ni kilo. Uzito huo wa ujazo ukizidi ule wa mizani, ndio unaolipiwa. Katoni ya sentimita 33 kwa 20 kwa 12 ina ujazo wa 7,920. Ukigawanya unapata kilo 1.58, nayo aghalabu hupandishwa hadi kilo mbili. Kifaa chenyewe hakikufika gramu 100! Rafiki yangu alikuwa akitakiwa kusafirisha hewa hadi Ulaya.

Laiti angalitumia kisanduku cha sentimita 15 kwa 10 kwa 6, hesabu ingalimpa kilo 0.18 tu. Walimu wa hisabati, je, hamwoni kwamba hapa pana somo zuri la ujazo kuliko yale matangi ya maji yasiyokwisha vitabuni?

Njia nyingine ni posta. Tangu mwaka wa 1874, ulipoasisiwa mjini Bern Muungano wa Posta Duniani, mashirika ya posta hupokezana barua na vifurushi vya wenzao. Kifurushi kidogo kisichozidi kilo mbili hutozwa kwa uzito wake wa mizani. Hakina kasi ya kampuni za ndege, lakini asiye na haraka sana atapata nafuu. Mwenye haraka anaweza kuulizia huduma ya EMS ya posta hiyohiyo, kisha alinganishe bei kabla ya kulipa.

Wapo wanaompa msafiri kifaa akichukue mkobani. Hiyo ni njia rahisi, lakini msafiri hatoi stakabadhi, na kikipotea hakuna wa kudaiwa.

Hata hivyo, ada ya kwenda ni nusu ya safari. Wengi huumia kifaa kinaporudi, kwani afisa wa forodha hana budi kukiona kama bidhaa mpya iwapo hakuna karatasi ya kumwonyesha vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya kukituma, nakili nambari iliyochapwa juu yake, kipige picha, weka risiti ya ununuzi, na uwaulize watu wa forodha utaratibu wa vitu vinavyotoka nchini kwa muda ili vitengenezwe. Katika fomu ya forodha andika thamani yake ya kweli, na useme wazi kwamba kinakwenda kukarabatiwa wala hakiuzwi. Betri nazo ziondolewe. Zisizoondoleka zitajwe mapema, maana zile za lithiamu zina masharti makali katika ndege. Tena mwulize fundi wa ng'ambo, kwa maandishi, gharama ya kazi yake na ni nani atakayelipia marejeo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba safari yenyewe ni ya lazima. Vifaa vya kusikia mara nyingi hukwama kwa sababu ya nta ya sikio au unyevu, na maradhi hayo hutibiwa papa hapa.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii: kwa nini kila mwalimu ahangaike peke yake? Kampuni nyingi huanzia hesabu zao kwenye nusu kilo. Anayetuma kifaa cha gramu 80 analipia gramu 420 zisizokuwapo. Shule tano zikikusanya vifaa vyao katika kisanduku kimoja, ada ileile hugawanywa mara tano. Tunavyo tayari vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984. Vituo hivyo vingeweza kupokea vifaa vibovu kutoka shuleni, kuvikagua, na kuvituma pamoja mara moja kila muhula. Wizara ya Elimu haihitaji kuunda tume kwa jambo hili. Waraka mmoja unatosha.

Mwanafunzi yule hatimaye alipata kifaa chake, baada ya walimu wenzake kuchanga. Lakini masomo ya muhula mzima hayatumwi kwa posta wala kwa ndege yakarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu wakuu, anzeni kwa kuulizana: katika makabati ya ofisi zenu, ni vifaa vingapi vinavyongoja safari?