Mhusika Anapoigeukia Hadhira: Kuhusu Istilahi ya 'Ukuta wa Nne'

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika uhakiki wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri, 'kuvunja ukuta wa nne' ni mojawapo ya zile zilizopokewa bila kuulizwa maswali mengi. Hutumika pale mhusika anapoacha kuzungumza na wahusika wenzake, akaigeukia hadhira na kuonyesha kwamba anajua kuwa yumo ndani ya mchezo. Wanafunzi wa siku hizi huitumia hata kwa michezo ya video, na huko, kama itakavyobainika, wana haki ya kuitumia. Shaka yangu ni juu ya kuihamishia katika fasihi simulizi ya Kongo ya mashariki. Shaka hiyo si ya maneno matupu, kwani inagusa namna tunavyonakili masimulizi yanayorekodiwa Kasongo, Kabambare na kwingineko kusini mwa Maniema.

Ukuta wenyewe ni wa kuwaziwa tu. Mwaka 1758 Mfaransa Denis Diderot aliwashauri watunzi na waigizaji wajifanye kwamba ukingoni mwa jukwaa pana ukuta mkubwa unaowatenga na watazamaji, waigize kana kwamba pazia halikufunguliwa. Jukwaa la Ulaya lilikuwa tayari na pande tatu zilizozibwa. Huo ukawa wa nne. Katika karne ya 20, Bertolt Brecht alipotaka waigizaji wazungumze na watazamaji waziwazi, alikuwa anabomoa jengo lililokuwapo. Shurti ukuta ujengwe kwanza ndipo uvunjwe.

Michezo ya video imeurithi ukuta huo, tena kwao umekuwa wa kioo. Katika Sonic the Hedgehog (1991), mchezaji akiacha kubonyeza vitufe kwa muda, Sonic humkazia macho na kuanza kugongagonga mguu chini, mithili ya mtu aliyechoka kungoja. Metal Gear Solid (1998) ulikwenda mbali zaidi. Humo adui aitwaye Psycho Mantis hudai kwamba anasoma mawazo. Huichungulia kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa katika mashine na, akikuta humo rekodi za michezo fulani ya kampuni ya Konami, huitaja. Humwagiza mchezaji aweke kishikio chenye vitufe sakafuni, kisha hukitikisa. Njia ya kumshinda ni kukichomoa kishikio hicho na kukichomeka katika tundu la pili. Katika Undertale (2015), mchezaji akimuua Toriel, kisha akarudi nyuma ili amnusuru, mhusika Flowey humsimanga kwa kuwa anakumbuka yaliyotendeka. Hapa pana jambo ambalo jukwaa la Diderot halikuwa nalo: mhusika hamwoni mtazamaji tu, bali anaijua kazi ya mikono yake, na anamhoji juu yake.

Tulinganishe hayo na tukio la mwaka 1956 katika nchi ya Wanyanga, pande za Walikale huko Kivu, mpakani na Maniema. Kwa muda wa siku 12 fanani Shé-Kárisi Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa Kinyanga, akiimba, akicheza na kuigiza, huku vijana wakimpigia midundo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha utendi huo mwaka 1969. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, Shemwindo, ambaye hakutaka mtoto wa kiume. Akatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akanusurika, akarudi kudai haki yake. Katika nyimbo anazoziimba shujaa huyu akiwa njiani kwenda kupambana na baba yake, mna maneno ambayo hayamhusu Shemwindo hata kidogo. Mwandishi anayenakili anahimizwa asonge mbele.

Nani anayesema hapo? Wimbo ni wa Mwindo, sauti ni ya Rureke, na anayeitwa ni mtu aliyekaa karibu na kalamu mkononi. Msomaji wa kitabu hushtuka na kusema ukuta umevunjwa. Lakini pale uwanjani ukuta ulikuwa wapi? Fanani alikuwa kati ya watu, na wapiga midundo walikuwa sehemu ya kazi yake. Mwandishi naye, tangu alipoketi, alikuwa mmoja wao. Ukuta umekuja na kitabu. Chapa ndiyo iliyomtenga msomaji na uwanja, na maneno yaliyokuwa ya kawaida huko yakageuka ajabu ukurasani.

Nakiri kwamba Rureke na Psycho Mantis wanashabihiana kwa jambo moja: wote wawili wanamsemesha mtu ambaye mkono wake unafanya kazi, na mkono huo ukikoma kazi nayo inakwama. Tofauti ni kwamba maneno ya Mantis yalitungwa kabla, kwa ajili ya mchezaji yeyote atakayekuja, ilhali Rureke alimsemesha mtu aliyemwona. Kwa hiyo wa kwanza hana budi kuvunja kitu ili amfikie msikilizaji, na wa pili hana cha kuvunja. Hata katika tamthilia yetu, tunapomkuta Bi Msimulizi wa Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando akizungumza na hadhira, baadhi yetu hukimbilia kumtaja Brecht kabla ya kumtaja bibi anayesema 'Paukwa!' na kungoja 'Pakawa!'

Nirudi Maniema. Kiswahili kilifika Kasongo pamoja na misafara ya karne ya 19, mji huo ukawa makao makuu ya Tippu Tip, na leo kinaishi huko bega kwa bega na lugha kama Kibangubangu cha Kabambare. Mwanafunzi anayerekodi hadithi huko aghalabu huisafisha anapoinakili: huondoa maneno aliyoambiwa yeye mwenyewe, majibu ya wasikilizaji na swali la fanani kama chombo bado kinanasa sauti. Huyaona kuwa yako nje ya hadithi, na istilahi ya ukuta humpa sababu ya kuyaona hivyo. Kwa mwanaisimu hasara ni kubwa mno. Huenda ni katika maneno hayohayo fanani anapobadili lugha, akaiacha ya nyumbani na kumgeukia mgeni kwa Kiswahili, au akakiacha Kiswahili cha Maniema na kujaribu kile anachodhani ni cha chuoni.

Mfano mwema upo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1990 juu ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, alinakili mazungumzo ya mazoezi pamoja na mchezo wenyewe kwa Kiswahili cha Shaba kama kilivyosemwa. Kwa masimulizi ya namna hii napendekeza tuseme 'kumwita msikilizaji', na istilahi ya ukuta tuiachie jukwaa lenye pazia na mashine yenye kioo. Katika nakala, maneno ya mwito yaandikwe mahali pake, yakitajwa nani kaitwa na kwa lugha gani, hata kama aliyeitwa ni mwanafunzi mwenye chombo na aliambiwa tu asogee kivulini.