Boti za Mto Chao Phraya

Watu wengi wa Dar es Salaam huvuka maji kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda mjini. Pantoni huenda ng'ambo na kurudi. Katika jiji la Bangkok, mji mkuu wa Thailand, iko namna nyingine ya kusafiri majini. Huko kuna boti za haraka ziufuatazo mto wenyewe, kituo hata kituo, kama mabasi yafuatavyo barabara.

Asubuhi boti hizo hujaa wafanyakazi na wanafunzi. Je, ni kitu gani kinachoizuia boti iliyojaa watu isizame? Tena, ni wakati gani kizuizi hicho hushindwa? Katika somo hili tutayachunguza mambo hayo.

Safari ya mtoni

Mto Chao Phraya hutiririka kuelekea kusini, hupita katika jiji la Bangkok, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Thailand. Barabara za jiji hilo aghalabu husongamana magari. Mtoni hakuna foleni ya magari, kwa hiyo watu wengi huchagua njia ya maji. Kampuni inayoendesha boti hizo za haraka iliundwa mwaka 1971.

Boti hutoka Nonthaburi, upande wa kaskazini, na kushuka hadi katikati ya jiji. Kila boti hupeperusha bendera ya rangi, kwa mfano ya rangi ya chungwa au ya njano. Rangi hiyo humjulisha abiria magati ambayo boti itasimama. Boti yenye vituo vichache hufika mapema zaidi.

Chini ya maji, nyuma ya boti, iko rafadha. Injini huizungusha rafadha, nayo husukuma maji nyuma. Maji nayo huisukuma boti mbele. Boti ikikaribia gati, nahodha huigeuza rafadha izunguke kinyume. Sasa maji husukumwa mbele, na boti hupunguza mwendo.

Nahodha hukaa mbele, lakini abiria hupanda na kushuka nyuma. Atajuaje kwamba boti imefika sawasawa penye gati? Utingo husimama nyuma na kupiga kipenga. Injini hutoa muungurumo mzito, bali kipenga hutoa sauti nyembamba na kali. Kwa kuwa sauti hizo mbili hazifanani, nahodha huweza kukisikia kipenga katikati ya kelele.

Kwa nini boti huelea?

Chukua ndoo iliyojaa maji pomoni. Ingiza mkono wako polepole. Maji kidogo yatamwagika, kwa sababu mkono umechukua nafasi yake. Kila kitu kinachoingia majini husukuma maji kando, na maji nayo hukisukuma kitu hicho kwenda juu. Archimedes, mtaalamu Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aligundua kwamba nguvu ya msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi mwanafunzi mwenye kilo 40 akipanda boti, ni lazima boti izame kidogo zaidi, hata isukume kando lita 40 nyingine za maji. Akishuka, boti huinuka tena.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme boti ina umbo la sanduku, urefu wake ni mita 20 na upana wake ni mita 3. Eneo la sehemu yake ya chini ni mita za mraba 60. Abiria 100 wanapanda, kila mmoja ana kilo 60. Uzito wao wote ni kilo 6,000, yaani uzito wa mita za ujazo 6 za maji. Gawanya 6 kwa 60, utapata 0.1. Kwa hiyo boti itazama sentimeta 10 zaidi. Wakipanda abiria 100 wengine, itazama sentimeta 10 nyingine. Maji yakifika ukingoni yataingia ndani, na boti itazama kabisa. Hicho ndicho kikomo cha mzigo.

Gati linaloelea

Bangkok haiko mbali na bahari. Kwa hiyo maji ya mto hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa kwa bahari. Kama gati lingejengwa lisitikisike, pengine lingekuwa juu sana na pengine lingefunikwa na maji. Kwa sababu hiyo abiria husubiri juu ya gati linaloelea. Hilo ni kama sanduku kubwa lililozibwa, lenye hewa ndani. Maji yakipanda nalo hupanda, yakishuka nalo hushuka. Daraja dogo huliunganisha na nchi kavu.

Lakini gati linaloelea pia lina kikomo cha mzigo. Mwezi Juni mwaka 1995, asubuhi, watu waliokuwa wakiwahi kazini walisongamana juu ya gati la Phran Nok katika mto huo. Uzito wao uliizidi nguvu ya maji, na gati likazama. Watu zaidi ya 20 walifariki. Hawakuwa wamepanda boti bado. Walikuwa wakiisubiri tu.

Tunajifunza nini? Maji hayawezi kubeba zaidi ya kiasi chake, hata kama watu wana haraka. Kwa hiyo kila chombo cha majini huwekewa idadi ya watu kinaoweza kuwabeba. Idadi hiyo hutokana na hesabu kama ile tuliyoifanya. Ukiona chombo kimejaa, ngojea kingine.

Jaribio

Vifaa: beseni la maji, kopo tupu la bati, kalamu na vijiwe vinavyolingana ukubwa.

1. Eleza kopo majini likiwa limesimama wima. Likiinama, tia vijiwe vichache ndani ili litulie. Tia alama mahali maji yanapofika.
2. Ongeza vijiwe vitano, uvitandaze sawasawa. Tia alama nyingine.
3. Endelea kuongeza kijiwe kimoja kimoja hadi kopo lizame. Andika idadi ya vijiwe vyote.
4. Rudia jaribio, lakini safari hii weka vijiwe vyote upande mmoja. Je, kopo lilibeba idadi ileile?

Maswali

1. Rafadha huisukumaje boti mbele?
2. Kwa nini gati la Bangkok huelea?
3. Abiria 50 wenye kilo 60 kila mmoja wakishuka katika boti ya mfano wetu, boti itainuka sentimeta ngapi?
4. Kwa nini si vizuri abiria wote kukimbilia upande mmoja wa boti?
5. Rafiki yako anataka kupanda chombo kilichokwisha kujaa. Mweleze, kwa kutumia kanuni ya Archimedes, kwa nini asipande.