Jogoo, Kidonge na Chupa: Hatari ya Kuchanganya Dawa za Nguvu za Kiume na Pombe

Utangulizi

Kiswahili ni lugha tajiri wa tasfida, na utajiri huo hudhihirika zaidi pale panapozungumziwa maumbile ya mwanadamu. Mwanamume ambaye dhakari yake haisimami hasemwi hivyo hadharani. Husemwa kwamba jogoo wake hapandi mtungi, au kwamba amepungukiwa na nguvu. Neno la kamusini, uhanithi, limebeba tusi zito kiasi kwamba hata tabibu hulikwepa. Adabu hii ni ya kusifika. Hata hivyo, pana mahali ambapo stara ya lugha hugeuka kuwa kiza, nako ni pale mtu anapomeza kidonge cha kutibu hali hiyo na kukiteremsha kwa bia, asijue kinachotendeka mwilini mwake kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kwa lugha anayoifahamu. Makala haya yanaeleza kinachotendeka.

Kidonge hufanya nini?

Dawa ya kwanza ya aina hii, sildenafili, ambayo jina lake la kibiashara ni Viagra, haikukusudiwa mambo ya kitandani. Watafiti wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta tiba ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha. Kwa kazi hiyo dawa haikufua dafu, lakini wanaume walioshiriki katika majaribio walieleza athari nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia. Mnamo Machi 1998 iliidhinishwa nchini Marekani kwa matumizi hayo mapya. Tadalafili (Cialis) na vardenafili (Levitra) ziliidhinishwa huko mwaka 2003. Asili hiyo ya moyo na mishipa yafaa ikumbukwe, kwani ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo.

Mwanamume anaposhikwa na ashiki, neva za uume hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi. (Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka huohuo wa 1998 kwa ugunduzi wao kuhusu kazi ya gesi hii katika mishipa ya damu.) Gesi hiyo husababisha kuundwa kwa kemikali inayolegeza misuli laini ya kuta za mishipa. Mishipa hutanuka, damu huingia kwa wingi, na uume husimama. Baadaye kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali hiyo na hali hurejea kawaida. Kidonge hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi yake. Basi. Hakiongezi ashiki wala hakileti nguvu yoyote, na pasipo ashiki hakitendi jambo la maana.

Tatizo ni kwamba PDE5 hakipo uumeni pekee. Kimo pia katika mishipa mingine ya damu, ikiwemo ya mapafu, na ndiyo sababu sildenafili hutumiwa vilevile kutibu shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu. Kwa hivyo anayemeza kidonge hutanua mishipa ya mwili mzima, na shinikizo la damu yake hushuka. Katika vipimo vya watu wenye afya njema waliomeza miligramu 100 za sildenafili, shinikizo lilishuka kwa wastani wa takriban milimita 8 za zebaki kwa kipimo cha juu na 5 kwa kipimo cha chini. Kwa mtu mwenye moyo mzima hilo ni jambo dogo.

Pombe nayo huongeza nini?

Pombe hutanua mishipa ya damu, hasa iliyo karibu na ngozi. Uso wa mnywaji huiva na mwili huhisi joto. Isitoshe, humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, hivi kwamba maji ya mwili hupungua. Kidonge na chupa basi huvuta kamba upande mmoja. Mtu aliyeketi huenda asihisi lolote. Anaposimama ghafla, damu huzama miguuni, mishipa iliyolegea haiwezi kuirudisha juu kwa haraka inavyopasa, na ubongo hukosa haki yake kwa sekunde chache. Moyo hukimbia kujaribu kuifidia hasara hiyo. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, au kuzirai. Anayezirai kitandani ana bahati. Anayezirai kwenye ngazi, bafuni au akiendesha gari hana.

Insafu yataka isemwe kwamba si kila glasi ni janga. Watu wenye afya waliopewa miligramu 50 za sildenafili huku kiwango cha alkoholi katika damu yao kikiwa kama asilimia 0.08 hawakuonekana kushuka shinikizo zaidi kuliko pombe peke yake ilivyowashusha. Kwa upande wa tadalafili, maelezo ya watengenezaji huonya kwamba unywaji wa uniti 5 au zaidi waweza kuzusha dalili zilizotajwa. Majaribio yaliyotumia gramu 0.7 za alkoholi kwa kila kilo ya uzito wa mwili yaliwatia baadhi ya washiriki kizunguzungu na kuwashusha shinikizo waliposimama. Kwa mtu wa kilo 80 kiasi hicho ni gramu 56, yaani takriban chupa tatu za nusu lita za bia yenye alkoholi ya asilimia 5. Mnywaji wa kawaida wa Ijumaa jioni hatakiona kiasi hicho kuwa kikubwa. Zaidi ya hayo, vipimo vya maabara hufanywa kwa watu waliochaguliwa na kwa vileo vilivyopimwa. Chang'aa haina kipimo.

Nyama choma na kidonge cha pili

Hatari kubwa zaidi huenda haimo katika kemia bali katika mwenendo wa jioni yenyewe. Mathalani, mwanamume aketi na marafiki, ale nyama choma yenye mafuta, anywe chupa nne, kisha ameze sildenafili akijua kwamba hufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja. Mafuta huchelewesha dawa kuingia katika damu kwa takriban saa nzima. Wakati huohuo pombe, ambayo huzimua mfumo wa neva, imekwisha kuzipooza zile neva zinazopaswa kutoa nitriki oksidi. Saa moja yapita na jogoo yu kimya. Mtu huyu hufikia uamuzi kwamba kidonge ni hafifu au ni bandia, na kwa vile pombe imekwisha kuondoa hadhari, humeza cha pili. Vyote viwili hufika kwenye damu usiku wa manane. Sildenafili haistahili kumezwa zaidi ya mara moja kwa siku. Anayezidisha hujiongezea hatari ya shinikizo kushuka mno, na hata ya uume kusimama kwa zaidi ya saa nne bila kulala. Hilo la mwisho huchekesha barazani, lakini ni dharura ya hospitali: damu iliyotuama huua tishu, na mwenyewe huweza kubaki na ulemavu wa kudumu katika kiungo kilekile alichotaka kukitibu.

Wanywaji wa miaka mingi wana matatizo yao. Ini lililochakazwa na pombe halivunji sildenafili kwa kasi ya kawaida, hivyo kipimo kilekile huwa kikubwa zaidi kwao. Wanaotumia ritonaviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hali yao ni nzito zaidi, kwani dawa hiyo huongeza kiasi cha sildenafili mwilini mara 11.

Mchanganyiko usiotangazwa

Kuna wanaochanganya pasipo kujua. Agosti 2015, katika mji wa Liuzhou, jimbo la Guangxi nchini Uchina, maafisa walinasa zaidi ya chupa 5,000 za pombe kali iliyokuwa imetiwa unga wa sildenafili na kuuzwa kama kileo cha kujenga afya. Mwanzoni mwa 2019 nchini Zambia, kinywaji cha kuongeza nguvu kisicho na kileo kilipigwa marufuku baada ya maabara kugundua dawa hiyohiyo ndani yake. Vilevile, mamlaka za dawa za nchi kadhaa zimenasa mara kwa mara "miti shamba" ya kiume iliyokuwa na sildenafili bila kutajwa kwenye kibandiko. Anayenunua unga wa aina hiyo kituoni na kuukoroga katika mnazi hana namna ya kujua amemeza miligramu ngapi.

Neno presha na kitanda cha hospitali

Turudi kwenye lugha, maana ndiko mauti yanakojificha. Katika mazungumzo ya kila siku, "ana presha" humaanisha shinikizo la damu limepanda. Presha ni ugonjwa wa kupanda. Kushuka ni kupona. Mgonjwa anapoambiwa kwamba kidonge na pombe "hushusha presha", huelewa kwamba amepewa faida ya ziada. Jina "dawa ya nguvu" nalo humpotosha vivyo hivyo. Akidhani amemeza nguvu, atawaza kwamba nguvu hiyo itaushinda ulevi, ilhali alichomeza ni kitu cha kulegeza mishipa. Maelezo yaliyomo kwenye pakiti, ambayo yangeweza kumzindua, aghalabu ni ya Kiingereza na yamepigwa chapa kwa herufi za kisisimizi.

Stara hii hugharimu zaidi pale kifua kinapobana usiku huohuo. Dawa mojawapo ya kwanza kwa maumivu ya moyo ni nitrogliserini, kidonge au mnyunyizo unaowekwa chini ya ulimi. Nayo hufanya kazi kwa njia ileile ya nitriki oksidi. Ikikutana na sildenafili iliyomezwa chini ya saa 24 zilizopita, au tadalafili iliyomezwa chini ya saa 48, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi mgonjwa afe. Daktari hulijua hilo na huuliza. Lakini mgonjwa analewa, mkewe amesimama kando, na swali lenyewe huwa, "Umetumia dawa gani?" Hujibu kwamba hajatumia yoyote, na moyoni mwake hasemi uongo: dawa ni ya mgonjwa, naye alimeza kitu cha starehe tu. Mficha uchi hazai, na hapa hata kupona hamudu.

Swali linaloweza kumwokoa halina budi kutumia maneno anayoyatambua, na kuulizwa mkewe akiwa ameombwa kusubiri nje: "Mzee, tangu juzi umemeza kidonge au unga wowote wa nguvu za kiume, hata ule wa miti shamba? Kwa saa ngapi hivi? Na pombe, ulikunywa kiasi gani?"