Mtoto anapokwenda kusoma ugenini: Somo la watani wa njia ya Tabora

Barua ya udahili ikifika nyumbani, maswali ya wazazi huwa yaleyale. Ada ni kiasi gani? Hosteli ipo ndani ya chuo au nje? Nauli itapatikana wapi? Ni wachache wanaouliza swali ambalo huja kuwanyima usingizi baadaye: mtoto akiamka na homa saa nane za usiku, katika mji asiojua hata njia ya kwenda hospitali, nani atagonga mlango wake?

Katika vyuo vingi, jibu si mkuu wa chuo wala mlinzi wa getini. Ni wanafunzi wenzake. Ukiwakuta vijana wa Kitanzania Kampala, India au China, au wale waliotoka nchi jirani kuja kusoma kwetu, utakuta karibu kila mahali wameunda umoja wao. Wazazi wengi hufikiri umoja huo ni wa muziki, picha na pilau. Baadhi hupiga marufuku kabisa: "Nimekupeleka kusoma, vyama achana navyo."

Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa hela ya ada haiokotwi. Lakini kabla ya kupiga marufuku, mzazi angefaidika kutazama historia ya Tabora. Mji huu uliishi kwa kupitiwa na wageni, na watu wake walijua mapema kwamba mgeni asiye na kundi hafiki mbali.

Wapagazi na familia ya njiani

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia nzima ni kiasi cha kilomita 1,200. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walikaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambalo leo ni makumbusho.

Wazungu hao ndio walioandika vitabu, lakini mizigo ilibebwa na wengine. Wanyamwezi, wanaume kwa wanawake, walisafiri hadi pwani na kurudi. Mpagazi alibeba begani au kichwani mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kutoka Tabora hadi pwani ilikuwa safari ya miezi miwili hadi mitatu kwa miguu, kupita nchi za watu wenye lugha na desturi nyingine.

Ni lazima kusema pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, waliokwenda kuuzwa pwani. Hao hawakuchagua safari wala wenzao wa safari, na historia yao haipambwi.

Wapagazi wa hiari, kwa upande wao, walikuwa na swali lilelile la mzazi wa leo: nikiugua njiani, nani ataniangalia? Walilijibu kwa kujipanga. Jioni wakipiga kambi, waligawanyika katika makundi madogo ya chungu kimoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine akapika, kisha wakala pamoja. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, aliyejua njia na aliyeheshimiwa na wenzake. Usiku ulikuwa wa nyimbo, hadithi na ngoma. Haukuwa upuuzi, kwani mtu aliyetembea kutwa na mzigo alihitaji kitu cha kumrudishia moyo ili kesho anyanyuke tena.

Halafu kulikuwa na utani. Wanyamwezi walipopita mara kwa mara katika nchi za watu wengine, mazoea yao na makabila ya njiani na ya pwani, kama Wazaramo, yalikomaa na kuwa utani. Mtani aliweza kukuchokoza, kukutania mbele ya wakwe na kuchukua chakula chako bila kuomba, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na wajibu mzito. Mgeni akifikwa na msiba mbali na kwao, mtani alisimama kwenye mazishi pale ambapo ndugu wa damu hawakuweza kufika.

Kwa hiyo mzaha na wajibu vilikwenda pamoja. Waliocheka pamoja ndio waliozikana.

Kilichomo ndani ya "sherehe"

Ukitazama shughuli za umoja wa wanafunzi wa ugenini kwa jicho hilo, unaona kitu kingine kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wanafunzi wa zamani huwapokea wapya. Huwaonyesha benki ilipo, daladala ya kupanda, duka la bei nafuu, na ofisi ya kushughulikia kibali cha kuishi nchini. Kazi hiyo hailipwi, lakini humwokoa mgeni na matapeli na huokoa pesa za mzazi.

Katikati ya mwaka huja usiku wa utamaduni. Kila nchi au kila mkoa huleta chakula chake, vazi lake na ngoma yake. Kijana wa Tabora aliyebeba matobolwa, yale viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na chupa ya asali ya misitu ya miombo, ghafla ana kitu cha kueleza. Nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza matobolwa hutengenezwaje, naye hulazimika kumpigia bibi yake simu kumuuliza. Watoto wengi wameanza kujua mambo ya kwao wakiwa ugenini, kwa sababu huko ndiko walikoulizwa.

Huwa kuna mechi za mpira na netiboli, ziara za vituo vya watoto yatima, futari ya pamoja wakati wa Ramadhani na chakula cha Krismasi kwa wasioweza kurudi nyumbani. Mwisho wa mwaka kuna kuwaaga wahitimu.

Na kuna lile lisilopigwa picha. Kundi la WhatsApp linaloonekana la vichekesho kutwa nzima ndilo linalotangaza usiku kwamba fulani amelazwa na anahitajika mtu wa kulala naye hospitalini. Ndilo linalochangisha nauli ya aliyefiwa na mzazi. Chama ambacho vijana wamezoeana kwa mpira na pilau hukusanyika haraka siku ya shida. Pale wasipojuana, michango huchelewa na mgonjwa hukaa peke yake.

Bweni la Tabora na meza ya Makerere

Misafara ya miguu ilipokwisha, Tabora iliendelea kupokea vijana wa mbali. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912, na katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikafungua shule ya bweni, ambayo leo ni Shule ya Wavulana Tabora. Mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Mwaka 1937 aliingia hapo Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, kabila dogo la upande wa Musoma. Rashidi Kawawa, wa upande wa Songea, naye alipita shuleni hapo.

Kwa kijana wa Kizanaki, Tabora ilikuwa ugeni mtupu. Lugha ya mama haikumfaa kitu bwenini. Kilichowaunganisha vijana hao kilikuwa Kiswahili, Kiingereza cha darasani, na shughuli za nje ya darasa kama skauti na midahalo. Hapo walijifunza kumjibu mtu kwa hoja bila kumuuliza kwanza ametoka kabila gani.

Mwaka 1943 Nyerere alikwenda Makerere, Uganda. Sasa alikuwa mwanafunzi wa kigeni kweli, nje ya Tanganyika, na Watanganyika chuoni hapo walikuwa wachache. Yeye na wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha umoja wa ustawi wa Watanganyika, uliojulikana kwa kifupi kama TAWA. Mwapachu alikuwa Muislamu mwenye asili ya Tanga, na Nyerere alikuwa akielekea Ukatoliki. Kilichowakalisha meza moja hakikuwa dini wala kabila, bali kuwa wageni kutoka nchi moja.

Umoja huo mdogo haukuishia kwenye kuliwazana. Waliuunganisha na chama kilichokuwapo tayari nyumbani, TAA, ukawa tawi lake. Mwaka 1946 Nyerere alirudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's, ambako Tibandebage naye alifundisha, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952. Mwaka 1953 akachaguliwa rais wa TAA, na mwaka 1954 TAA ikazaa TANU.

Si kila mtoto anayejiunga na chama cha wanafunzi atakuwa rais, wala hilo si lengo. Somo la Makerere ni la kawaida zaidi. Vijana waliojifunza kuendesha kikao, kutunza hela ya wenzao na kukubali kushindwa kwa kura wakiwa na miaka ishirini na kitu, hawakuanza upya walipopewa kazi kubwa.

Mlango au ukuta?

Hata hivyo, wasiwasi wa wazazi una msingi. Chama kinaweza kumlea mtoto, na kinaweza kumpoteza.

Hatari ya kwanza ni chama kugeuka ukuta. Kuna wanafunzi wanaokaa ugenini miaka mitatu wakila, wakisoma na kutembea na watu wa kwao tu, wakarudi bila rafiki mmoja wa nchi waliyoishi. Wapagazi hawakufanya hivyo. Walilala kambini na wenzao, lakini utani wao waliufunga na wenyeji. Chama kizuri humtuliza mgeni kisha humtoa nje akawajue wengine.

Hatari ya pili ni kumeza muda na pesa. Michango isiyo na risiti, safari zisizoisha na sherehe za kila wiki ni dalili mbaya, hasa karibu na mitihani. Tatu ni pombe na shinikizo la wakubwa kwa wadogo, linalowaumiza zaidi wasichana wa mwaka wa kwanza wanaoogopa kuonekana washamba.

Nne ni siasa, na hapa mzazi asikimbilie hukumu. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama cha siasa cha USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Kilikuwa na jarida lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 chama na jarida vyote vilipigwa marufuku, ingawa waliokuwamo wengi walifika mbali. Kijana anayebishana kuhusu dunia hajapotea, ila anahitaji mtu mzima wa kumkumbusha kwamba yeye ni mgeni katika nchi ya watu na sheria zake zinamhusu.

Mzazi afanye nini

Kwanza, aulize mapema. Kabla ya kulipa ada, anaweza kupiga simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi na kuuliza kama kuna umoja wa wanafunzi wa kigeni, umesajiliwa chuoni au la, na mlezi wake ni nani.

Pili, apate namba mbili za simu zisizo za mtoto wake: ya kiongozi wa umoja na ya mlezi. Mtoto aliyezimikiwa na simu siku tatu akiwa peke yake ni hofu kubwa. Akiwa na wenzake, swali hujibiwa kwa ujumbe mmoja.

Tatu, abadili swali la kila Jumapili. Badala ya "umesoma?" pekee, aulize "umekula na nani wiki hii?" Mtoto asiyeweza kutaja jina hata moja baada ya miezi miwili huenda ana upweke, hata kama alama zake bado ni nzuri.

Nne, amfungashie kitu cha kugawa. Mfuko wa karanga, michembe au asali si kwa ajili ya tumbo lake tu. Ukifunguliwa chumbani, watu watakuja kuonja, na huko ndiko ujirani unakoanzia.

Tano, wakubaliane mipaka iliyo wazi: mchango wa mwezi usizidi kiasi gani, na shughuli ngapi kwa muhula. Marufuku ya jumla humfanya mtoto ashiriki kwa siri, na siku akipata tatizo huko hatasema.

Mwisho, mzazi anayeishi karibu na chuo, iwe Tabora, Mwanza au Dar es Salaam, akumbuke kwamba mlangoni kwake wanapita watoto wa wenzake. Mwalike mmoja siku ya Idi au Pasaka, umpe sahani na umtanie kidogo. Mama yake yuko mbali, na huenda usiku huo naye anajiuliza ni nani atakayegonga mlango wa mwanawe.