Muungano, Ununuzi na Kujivua: Istilahi za Biashara ya Mitandao

Mfasiri anayeletewa hati za biashara ya vyombo vya kompyuta hukutana mapema na dhana ambayo waandishi wetu wengi huiita "muungano". Neno hili kwetu ni zito. Tumelizoea tangu 26 Aprili 1964, pale nchi mbili zilipokubaliana kuwa Dola moja. Katika biashara, aghalabu litendekalo ni jambo jingine. Kampuni moja huinunua nyingine, na mnunuzi huyarithi madeni na mikataba yake. Kwa maoni yetu, "muungano" utumike pale kampuni mbili zinapozaa kampuni ya tatu. Palipo na bei iliyolipwa na mwenye mali aliyeondoka, tuseme "ununuzi".

Tutazame mfano mmoja. Januari 2024 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ya Marekani ilitangaza kuwa itainunua Juniper Networks kwa dola zipatazo bilioni 14. Zote mbili hutengeneza mitambo ya mitandao: swichi, yaani kisanduku kinachoziunganisha kwa nyaya kompyuta za jengo moja, ruta, inayopeleka habari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na vifaa vya kurushia mawimbi ya waifai. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi kuuzuia ununuzi huo. Ilidai kwamba Hewlett Packard Enterprise na Juniper ni ya pili na ya tatu katika mitandao ya waifai ya makampuni makubwa nchini humo, na kwamba zikiwa chini ya mwenyeji mmoja, pamoja na Cisco, zingelishika zaidi ya asilimia 70 ya soko. Juni 2025 pande hizo zilipatana, na tarehe 2 Julai ununuzi ukakamilika.

Katika mapatano hayo mnunuzi alitakiwa auze biashara yake iitwayo Instant On, ambayo vifaa vyake vimekusudiwa maduka, zahanati, shule na ofisi ndogo. Kesi ilihusu soko la wakubwa. Sehemu ya kilichotolewa ili kuimaliza ni chombo cha wadogo.

Kitendo hiki tukiiteje? "Kuuza" hakidokezi kuwa muuzaji ameamriwa. "Kuachilia" huleta fikra ya kutoa bure. Sisi tunapendelea "kujivua", kama mtu anavyojivua uanachama: biashara yabaki hai, mwenyewe ndiye aondokaye.

Mwenye duka la dawa aliyefunga vifaa vya namna hiyo hataona badiliko ukutani, maana kisanduku ni kilekile. Lakini vifaa hivyo huongozwa kwa programu ya simu na kwa kompyuta za mbali za mtengenezaji. Marekebisho ya kuziba mianya ya usalama hutoka huko huko, na dhamana pia. Mwenyeji akibadilika, hayo yote humtegemea mwenyeji mpya. Hapa ndipo tafsiri mbovu huumiza. Tumeona matangazo yakiandikwa "mwisho wa msaada", kana kwamba kuna mfadhili amechoka. Maana yake hasa ni kwamba kasoro zitakazogunduliwa baadaye hazitarekebishwa, na mwizi atakayeijua kasoro hiyo atapita. Tunapendekeza "ukomo wa huduma", na tarehe yake iandikwe waziwazi.

Jambo jingine linalochanganywa ni chapa na mtengenezaji. Linksys, jina lililokuwa likiuzwa sana kwa nyumba na biashara ndogo, lilinunuliwa na Cisco mwaka 2003 kwa dola zipatazo milioni 500. Mwaka 2013 Cisco iliiuzia Belkin, na mwaka 2018 Belkin yenyewe ikanunuliwa na kampuni tanzu ya Foxconn. Jina moja, wenyeji watatu, miaka kumi na mitano. Afisa aandikaye katika zabuni "mtengenezaji: Linksys" ametaja chapa tu, wala hajasema ni nani atakayedaiwa kifaa kikiharibika.

Kwa hiyo katika hati za zabuni tunashauri nafasi mbili ziandikwe mbalimbali, "chapa" na "mtengenezaji", na penye kifungu cha dhamana yaongezwe maneno "au mrithi wake wa haki na wajibu". Wengine hukatisha wakaandika "mrithi wa haki" tu. Neno "wajibu" lisiachwe, kwani ndilo analolihitaji mnunuzi.